Shamba darasa lilitoa gunia 24 kwa ekari, langu tisa. Nimekosea wapi?

"Shikamoo mtaalamu. Nalima mahindi ekari moja mkoani Njombe, na maharage kidogo. Msimu uliopita bwana shamba wetu alianzisha shamba darasa nyuma ya ofisi ya kijiji. Nilihudhuria vipindi vyote. Tulifundishwa kupanda kwa mstari, mbegu mbili kila shimo, DAP wakati wa kupanda na urea mara mbili ya kukuzia. Ile robo ekari ilitoa gunia sita, tukaambiwa ni sawa na 24 kwa ekari. Nikakopa 250,000 kwenye VICOBA, nikanunua mfuko mmoja wa DAP na miwili ya urea. Mbegu nilitumia ya akiba, niliyochagua kwenye mavuno ya ile chotara ya mwaka juzi, maana hela iliishia kwenye mbolea. Mbolea nilipima kwa vidole vitatu. Urea ya kwanza niliweka wiki ambayo mvua ilikatika, na mwishoni ikabaki karibu nusu mfuko, nikaitia kwenye mboga. Mahindi yakiwa machanga yalikuwa na rangi ya zambarau. Nimepata gunia tisa. Miaka mingine bila mbolea napata saba. Jirani ambaye hakuhudhuria hata siku moja kapata nane. Niliuza 55,000 gunia ili nirudishe mkopo. Mume wangu anasema mbolea imechoma udongo na mafunzo ni kupoteza muda. Bwana shamba hajarudi tangu mavuno. Niendelee au niache?"

Marahaba, mama, na pole kwa deni. Barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni kama mlichofundishwa kilikuwa kweli. La pili ni kama uweke tena hela. Nianze na la pili, maana ndilo linalokukosesha usingizi.

Umeongeza gunia mbili juu ya saba za kawaida yako. Kwa bei uliyouza, hizo ni 110,000. Ulitoa 250,000, bado riba, bado vibarua wa palizi kama uliwaweka. Ili mkopo ujilipe kwa bei ile ulihitaji nyongeza ya karibu gunia tano. Kwa hiyo umepata hasara, na mtu asikudanganye kwamba ni uwekezaji utakaojilipa wenyewe siku za mbele. Mumeo ana haki ya kuuliza. Jibu alilolitoa ndilo sikubaliani nalo.

Sasa hizo gunia 24. Hakuna aliyezivuna. Zilizovunwa ni sita, nyingine zimezaliwa kwenye ubao kwa kuzidisha mara nne. Robo ekari iliyopaliliwa na kikundi kizima siku ile ile inayotakiwa, ikalindwa na kila mpita njia, haiwi ekari kwa kuzidisha tu. Wewe una mikono miwili, watoto, na maharage yanayosubiri. Halafu kuna jambo ambalo huwa hatuwaambii wakulima, na hapa naungama dhambi yangu mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo kazini niliweka shamba la mfano katika kijiji kimoja cha mlimani. Mahindi yalitoka ya kupigia picha. Wakulima wakaiga, msimu uliofuata wakapata mabua. Nikawalaumu kwa uvivu, mbele ya mkutano. Ilinichukua misimu miwili kuambiwa na mzee wa hapo, kwa utani kabisa, kwamba kipande kile nilichopewa kilikuwa zizi la ng'ombe la baba yake. Nilikuwa nimefundisha DAP, kumbe iliyofanya kazi ni samadi ya miaka ishirini. Uliza, mama, nyuma ya ofisi ya kijiji palikuwa na nini kabla. Kama palikuwa na zizi, jalala au bustani ya mtu, umeshapata sehemu ya jibu.

Tena neno lenyewe "shamba darasa" tumelipotosha. Utaratibu huu ulianza Indonesia mwaka 1989 kwenye mpunga, chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wakati wakulima walikuwa wakipulizia dawa ovyo na mdudu akazidi kuongezeka. Lengo lilikuwa wakulima waingie shambani kila wiki, wahesabu wadudu, wachore mmea ulivyo, wabishane, kisha waamue wenyewe nini kifanyike. Ulipofika kwetu, sehemu nyingi umegeuka kuwa shamba la maonyesho: bwana shamba anaamua, kikundi kinafuata, siku ya mavuno mgeni rasmi anakuja. Mkulima anatoka na kipimo cha mbolea kichwani bila kujua kipimo hicho kilitegemea nini.

Kwako nadhani kilitegemea udongo. Ile rangi ya zambarau ndiyo inayonifanya niseme hivyo. Hindi changa likigeuka zambarau kwenye kingo za majani linalalamika kwamba halipati fosforasi. Lakini wewe fosforasi uliiweka, DAP ndiyo hiyo, karibu moja ya tano ya mfuko. Imekwenda wapi?

Njombe ni nchi ya mvua nyingi na baridi. Mvua ya miaka na miaka imeosha chokaa ya asili kwenye udongo na kuacha tindikali. Si bure chai inastawi kwenu na kwa jirani zenu Mufindi. Chai hupenda udongo mchachu. Mahindi hayaupendi. Uchachu hupimwa kwa namba iitwayo pH: saba ni katikati, na kila ukishuka namba moja uchachu unaongezeka mara kumi. Ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imelala ndani ya udongo inaanza kuyeyuka, nayo ni sumu kwa mizizi. Ncha za mizizi zinadumaa. Mmea unabaki na mizizi mifupi, minene, isiyo na vinyweleo, kwa hiyo haunywi maji vizuri wala haufikii chakula. Wakati huo huo alumini na chuma vinaishika fosforasi uliyoiweka na kuifunga isichukulike. Ndivyo mtu anavyoweza kutia mfuko mzima wa DAP na hindi likabaki na njaa.

Nisijifanye najua yote kutoka huku mbali. Baridi peke yake huweza kugeuza mahindi machanga zambarau kwa wiki mbili tatu, kisha yakaendelea vizuri jua likitoka. Kwa hiyo tafuta ushahidi mwingine. Maharage yako yakoje? Maharage huuchukia uchachu kuliko mahindi. Kama nayo ni manjano na yamedumaa kwenye shamba lilelile, shaka yangu inakua. Na msimu ujao, mahindi yakifika magotini, chimbua mche mmoja mzima kwa jembe, usiung'oe kwa mkono. Utikise udongo, uuoshe kwenye ndoo, uutazame. Mzizi mzuri ni mweupe, una matawi mengi membamba kama nywele. Ukiona vijiti vifupi vya rangi ya kahawia vilivyovimba nchani, hapo ndipo hela yako iliponasa.

Hivyo mumeo ana chembe ya ukweli. Mbolea kama DAP na urea, zikitumiwa mwaka hadi mwaka bila kurudisha kitu kingine, huongeza uchachu. Vijidudu vya udongo huigeuza amonia iliyomo kuwa naitreti, na katika kuigeuza huachia tindikali. Lakini hilo huenda polepole, msimu baada ya msimu. Mifuko mitatu ya msimu mmoja haijachoma shamba lako. Udongo wenu ulikuwa mchachu kabla babu zetu hawajaiona DAP. Kinachozidisha ni hivi pia: kila mwaka tunabeba mahindi, tunabeba mabua kulishia ng'ombe, na hatuleti samadi kurudisha kilichotoka.

Uchachu si mshitakiwa pekee, na hapa itabidi uvumilie nikuseme kidogo. Umeandika kwamba ulihudhuria vipindi vyote, ila barua yako yenyewe inakusaliti mara tatu.

Urea iliwekwa wiki ambayo mvua ilikatika. Hujasema kama uliifukia. Urea ikibaki juu ya ardhi ikapata umande tu, hugeuka amonia, ile hewa inayochoma pua ukiingia banda la kuku lisilosafishwa, na inapaa. Unakuwa umeirutubisha anga. Urea huwekwa udongo ukiwa na unyevu, kando ya shina kama upana wa kiganja, kwenye kishimo cha kina cha nusu kidole, kisha inafukiwa. Mvua ikikatika, subiri. Mfuko hauozi kwa kungoja siku kumi, ilimradi uko pakavu na umefungwa.

Halafu urea ilibaki nusu mfuko. Kwa mtu wa kazi yangu, hilo linasema mengi kuliko mavuno. Ekari moja yenye mistari ya sentimita 75 na mashimo kila sentimita 60, miche miwili kila shimo, inabeba mashimo karibu 9,000. Gawa kilo 100 za urea kwa awamu mbili, kila shimo linapata gramu tano na nusu kila awamu. Kama ilibaki kilo 25, basi au mashimo yako ni machache kuliko unavyodhani, au vidole vitatu vyako ni vidogo kuliko vya bwana shamba. Kwa nafasi, pima mita 10 kwenye mstari uhesabu mashina: kwa upandaji huo yawe kama 33. Ukikuta 24, robo ya mavuno yako haikupandwa kabisa. Kwa kipimo, achana na vidole. Chukua kizibo cha soda, hubeba takriban gramu tano, urea ikipungua kidogo kwa sababu ni nyepesi kuliko DAP. Nenda nacho duka la pembejeo wakati wanauza kwa mizani, mimina vizibo 20 vilivyofutwa juu, pima, gawa kwa 20. Hapo utakuwa na kipimo chako wewe, si cha mtu mwingine.

La tatu ni mbegu. Chotara haina mtoto anayefanana naye. Ukirudia kupanda punje zake, nguvu ile inavunjika, mahindi yanatoka marefu na mafupi kwenye mstari mmoja. Naelewa hela iliisha. Lakini kama kuna kimoja cha kupunguza kati ya mbegu mpya na mfuko wa pili wa urea, ningepunguza mfuko. Mbegu ya akiba inafaa kabisa kama ni ya kienyeji au aina ya uchavushaji huria. Ya chotara hapana. Ukinunua, hakikisha pakiti ina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na uitunze pamoja na risiti.

Kuhusu jirani aliyepata nane: sijui shamba lake lilipumzishwa lini, kama lina ng'ombe, au alipanda wiki gani, nawe hukuniambia. Gunia moja ya tofauti kati ya mashamba mawili haikufundishi chochote. Linganisha shamba lako na shamba lako.

Basi ufanye nini. Kabla ya senti nyingine kwenda dukani, pima udongo. Sasa mmevuna, shamba liko wazi, ni wakati wake. Mwaka 2022 serikali iligawa pikipiki na vipima udongo kwa ajili ya maafisa ugani, kwa hiyo ulizia ofisi ya kilimo ya halmashauri yenu kipima chao kiko wapi na nani anakitumia. Kifaa hicho kitakupa picha ya haraka, na pH ndiyo unayoitaka zaidi. Ukitaka undani, sampuli inaweza kupelekwa maabara. TARI Uyole pale Mbeya ndicho kituo cha utafiti cha nyanda zenu za juu kusini. Uliza gharama kabla ya kusafiri.

Sampuli ikichukuliwa vibaya ni heri usipime. Tembea shambani kwa mkunjo kama nyoka, simama sehemu 10 hadi 15, ondoa takataka za juu, chimba hadi sentimita 20, kata kipande chembamba cha ukuta wa shimo toka juu mpaka chini. Ruka kichuguu, palipochomwa taka, chini ya mti na palipolala ng'ombe. Changanya vyote kwenye ndoo safi ya plastiki. Ndoo iliyobeba mbolea usiiguse. Toa kama nusu kilo hadi kilo, anika kivulini, fungasha, andika jina lako na shamba. Kama sehemu ya bondeni na ya mwinuko zinatofautiana rangi, fanya sampuli mbili.

Namba ikiwa chini ya 5.5, dawa ni chokaa ya kilimo, na hapa pana ugumu wa kweli. Chokaa huhesabiwa kwa tani, si kwa kilo. Bei ya mfuko inaweza kuwa ndogo lakini nauli ya kuupandisha huko kwenu ikaimeza. Ndiyo maana sikushauri uiagize ya ekari nzima. Jaribu kipande cha mita 10 kwa 10: kilo 20 hapo ni sawa na tani mbili kwa hekta. Itawanye, uichanganye na udongo kwa jembe wiki kadhaa kabla ya kupanda, mvua za kwanza ziikute ndani. Usiitie siku moja na DAP au urea, utapoteza naitrojeni, kile chakula cha mmea kilichomo kwenye mbolea hizo. Huku ukingoja hiyo chokaa, samadi iliyooza vizuri, viganja viwili kila shimo, hupunguza ukali wa ile alumini na kulisha mmea. Si nguvu ya chokaa, lakini haina nauli. Na kama mtapewa kuchagua mbolea ya kupandia, ile ya Minjingu inayochimbwa Manyara hufanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo mchachu kama wenu kuliko kwenye udongo usio na uchachu, na haichangii tindikali kama DAP.

Niendelee au niache, umeuliza. Kuacha kabisa kutakurudisha kwenye gunia saba, na saba hizo zitaendelea kupungua kwa sababu unavuna bila kurudisha. Kurudia kama mwaka jana ni kukopa ili kupoteza. Mimi ningelima nusu ekari kwa ukamilifu na nusu ya pili ningeiacha kwenye kawaida yako ya zamani, au maharage kama pH itaruhusu. Nusu ekari inataka kilo 25 za DAP, mfuko mmoja wa urea na kilo tano za mbegu mpya. Ndani ya nusu hiyo acha mistari mitano bila mbolea yoyote, na kile kipande cha chokaa kiwe ndani yake pia. Vuna kila sehemu peke yake, pima kwa debe, andika kwenye daftari. Bila ile mistari mitano mitupu hutajua kamwe kama mbolea ilikulipa au mvua ilikuwa nzuri tu. Na ukikopa, zungumza na kikundi chako kabla kuhusu tarehe ya marejesho. Mkopo unaodaiwa mwezi wa mavuno ndio uliokulazimisha kuuza kwa 55,000 wakati kila mtu anauza. Hata miezi mitatu ya nafasi, kama una mahali pakavu na mifuko isiyopitisha wadudu, hubadilisha hesabu yote.

Bwana shamba usimkatie tamaa. Ni mwajiriwa wa halmashauri, na mara nyingi kata nzima iko mikononi mwake. Mbali na mafunzo, anatakiwa kukusanya takwimu za mazao na kuandikisha wakulima wa mbolea ya ruzuku. Kutorudi kwake baada ya mavuno ni kosa, kwa sababu mavuno yenu ndiyo yaliyopaswa kumfundisha yeye. Lakini mkulima mmoja akipiga simu, huahirishwa. Watano wakimwita pamoja, wakiwa na sampuli zao mkononi na swali moja lililo wazi, ni vigumu kukataa. Msimuulize "tufanye nini?" Atatoa kipimo kilekile. Mwulizeni kipimo kile kilitolewa kwa udongo wa pH gani, na robo ekari ile ilikuwa nini hapo awali.

Kuna mambo ambayo mimi kwa barua sitayaweza, na usisubiri msimu uishe. Mahindi yakidumaa kwa viraka na mengine pembeni yakaendelea vizuri, majani yakianza kukauka toka juu kuelekea chini, au ukiona kinyesi kama unga wa mbao kwenye moyo wa mmea na majani yaliyotobolewa, afike mtu shambani ndani ya siku chache. Hicho cha mwisho huenda ni kiwavijeshi vamizi, na akishazama kwenye moyo wa mmea dawa haimfikii. Ukihisi mbolea au mbegu ni feki, tunza mfuko, kiasi kilichobaki na risiti, upeleke taarifa ofisi ya kilimo ya wilaya. Bila mfuko hawana pa kuanzia.

Kwenu mvua huanza Novemba au Desemba. Chokaa inataka iwe ardhini wiki kadhaa kabla ya hapo, na majibu ya maabara nayo huchukua muda wake. Sampuli ichukuliwe mwezi huu. Namba ikitoka niandikie, na uniambie pia mlichosikia kuhusu kile kipande cha nyuma ya ofisi.